Nyota, Reli, Sifuri Sifuri Nne

"Mwanaume gani yule?"

"Mwanaume yupi? Simu yangu ilikuwa—"

"Usiniambie ilikuwa. Nimepiga mimi, kwa kidole changu hiki—"

"—imezimwa. Tangu asubuhi imezimwa, ilikuwa kabatini kazini, na hata sasa sijaiwasha—"

"—na kabati likapokea? Kabati lina sauti nzito namna ile? Kabati linakohoa?"

Mkewe alisimama mlangoni, mkoba begani. Kazini walimwita Ndimu, kwa sababu uso wake ulikaa muda wote kama mtu aliyeng'ata ndimu na mbegu zake. Hapa kwenye karakana ya mumewe hakuna aliyelijua jina hilo. Hapa alikuwa muuza mapazia.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meno kila mahali. Mataya ya plasta kwenye rafu. Fizi za waridi kwenye sahani. Mumewe alikuwa fundi wa meno bandia, na alipogombana alikuwa na tabia ya kunyooshea watu taya alilokuwa akilipiga msasa. Sasa taya hilo lilikuwa linamkenulia Ndimu.

Kwenye benchi la wateja alikaa mzee mmoja asiye na jino hata moja. Alikuwa akisubiri meno yake. Alikuwa pia akiufaidi ugomvi, kichwa kikienda huku na huku kama mtu anayeangalia mpira wa meza.

"Nimepiga sasa hivi," mume aliendelea. "Hujafika hata kwenye ngazi. Nilitaka kukuuliza kama umekula. Linapokea dume. Halisemi hallo. Linaniuliza, 'Uko wapi?' Mimi, mwenye mke, naulizwa niko wapi."

Ndimu alimsogelea.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Alivyosema. Neno kwa neno."

"Alisema, 'Ndiyo, nakusikiliza, uko wapi?' Nikamwambia wewe nani. Akasema, 'Ondoa upuuzi kwenye laini, nasubiri simu ya maana.' Akakata. Mimi upuuzi."

"Mimi mwanamke akinifanyia hivyo," mzee alisema kutoka kwenye benchi, "narudi kwa mama yangu."

"Mama yako bado yupo, mzee wangu?" fundi aliuliza.

"Hayupo. Ndiyo maana nimevumilia mengi."

Ndimu hakucheka. Aliitoa simu kwenye mkoba, akaiwasha. Samsung mpya, bado ina karatasi ya plastiki kwenye kioo. Alipewa wiki iliyopita na yule anayehudumia mitambo ya ofisi. "Hii haiingiliki hata na shetani," alimwambia. Naye Ndimu akaamini, akahamisha laini yake kutoka simu ya zamani, akatembea kifua mbele kama mtu aliyebadilisha kufuli.

Alibonyeza.

Nyota. Reli. Sifuri. Sifuri. Nne. Reli.

Akapiga.

Kioo kilifikiri kidogo. Kisha maandishi yakatokea, meupe, ya adabu, kama barua ya benki. Simu zake zilikuwa zinaelekezwa kwingine. Ikizimwa: kwingine. Ikikosa mtandao: kwingine. Ikiwa na mazungumzo: kwingine. Akichelewa kupokea: kwingine. Na chini yake namba. Mara zote namba ileile, asiyoijua.

Ndimu aliigeuza simu.

"Hii ndiyo namba ya dume lako?" alimwonyesha mumewe.

"Si dume langu, ni lako."

"Si la mtu. Kaa chini."

Hakukaa. Hakuna mume anayekaa akiambiwa kaa katikati ya ugomvi. Ila alilishusha taya, maana hakuwahi kumwona mkewe na uso ule. Ulikuwa zaidi ya ndimu.

Ndimu alitazama saa. Mchana ulikuwa umeanza. Na mchana huu, wakati wowote, mtu mmoja angepiga simu.

Walimwita Mchapaji. Kwa miezi alikuwa akichapa tarehe kwenye makopo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga bila kuuliza. Kisha siku moja akauliza. Maziwa yalikuwa yameingizwa kwa magendo yakiwa yameshaoza. Kazi ya Mchapaji ilikuwa kuyafufua: futa tarehe ya zamani, piga mpya. Alipojua, alitoroka na kopo moja kwapani, akalituma kwa Ndimu kama ushahidi, na akajificha.

Ofisi ina desturi yake. Shahidi anajificha mwenyewe. Hakuna anayejua alipo, hata anayemlinda. Ana namba moja tu, amekaririshwa, haijaandikwa popote. Siku aliyopangiwa anaazima simu ya mtu barabarani, anapiga, anasema alipo, anachukuliwa. Desturi nzuri. Huwezi kumtesa mtu akuambie asichokijua.

Desturi ya pili: ukiingia kikaoni, simu yako unaizima, inafungiwa kabatini mlangoni. Nayo nzuri.

Ziweke pamoja sasa.

Simu imezimwa kabatini. Shahidi anapiga. Simu inamfikia mwingine. Mwingine anamuuliza, kwa upole tu, uko wapi.

Na yule maskini anasema.

"Bado hajapiga," Ndimu alijiambia kwa sauti. "Dume lilikuwa linasubiri bado."

"Nani hajapiga?" mumewe aliuliza.

"Nipe kidude chako kile chembamba. Cha kuchokolea."

Alimpa. Ilikuwa sindano ya chuma ya kuchongea nta ya meno. Ndimu aliisukuma kwenye kitundu cha pembeni mwa simu, na kidroo cha laini kikajitokeza.

Maana simu mpya si kitu. Agizo lile la kuelekeza halikai ndani ya simu, linakaa kwa kampuni ya mtandao, limeshika laini. Mtu akiichomoa laini yako, akaipachika kwenye simu yake, akabonyeza nyota mbili na tarakimu zake, akairudisha, amemaliza. Nunua simu ya dhahabu. Laini itakwenda nayo na uchafu wake.

Alikigeuza kidroo kwenye mwanga wa taa ya karakana. Pembeni mwa kitundu kulikuwa na kitu kimeganda. Cha njano. Cha mafuta. Kina unywele mmoja.

Mumewe aliinama, akatazama kitaalamu. "Hiyo siyo nta yangu."

"Najua."

"Ni nta ya..."

"Ya sikio. Najua."

Mzee wa benchi alifumba macho. "Na mimi sijala."

Ofisini kulikuwa na mtu mmoja tu anayechokonoa masikio kwa pini ya kutolea laini. Walimwita Pini. Ndiye anayehudumia mitambo, ndiye mwenye ufunguo wa kabati la simu, ndiye aliyempa Samsung. Kwenye kila kikao alikaa nyuma, pini sikioni, jicho moja limefumbwa kwa raha, kisha anaitazama ncha ya pini kama mtu anayesoma habari njema. Ndimu alikuwa anahamia kiti kingine kila mara.

Pini. Waliyemkabidhi masikio ya ofisi nzima.

Alitema mate kwenye sinki la plasta. Haikutosha. Akatema tena.

"Mke wangu," mumewe alisema, safari hii polepole, "wewe kazi yako ni nini?"

Ndimu alitoa kopo kwenye mkoba, akaling'oa kifuniko cha plastiki. Hakusema kitu. Harufu ilisema. Ilikuwa harufu ya kitambaa kilichofutia maziwa, kikasahaulika, kikafia hapohapo. Unga ulikuwa na mabonge ya kijivu, na katikati ya bonge moja kitu kilijinyoosha, kikajikunja.

"Watoto wananyweshwa hiki," alisema. "Yako mengine ghala zima, yanatoka kesho kwenda madukani. Soma tarehe."

Mumewe aliziba pua, akasoma. "Inaonyesha bado mwaka mzima."

"Iangalie hiyo nane."

Nane ya mwisho ilikuwa na ufa mdogo tumboni, kama imechanwa na kucha.

"Mashine iliyochapa ina jino lililovunjika. Aliyekuwa akiitumia ndiye ninayemsubiri. Akipiga na simu ikaenda kwa lile dume, jioni hii ni maiti, na sisi hatuna shahidi. Umeelewa?"

"Kwa hiyo huuzi mapazia."

"Nauza. Ila si sana."

Mzee wa benchi alikohoa. "Binti, funika hilo kopo. Nimekuelewa hata mimi."

*

Njia rahisi ilikuwepo. Reli, reli, sifuri, sifuri, mbili, reli. Kwa tarakimu hizo unafuta kila agizo, simu zinarudi kwako, unabaki mwenyewe kwenye laini yako.

Kidole kilisimama juu ya kioo.

Akifuta sasa, Mchapaji atapona. Lakini dume litabaki bila sura, ghala bila mahali, maana Mchapaji alichapia kwingine, na kesho maziwa yatapanda magari. Na Pini atabaki kwenye kiti chake cha nyuma, akichokonoa.

Hapana. Mtego ukishategwa, na wewe unaweza kuutia chambo.

"Nahitaji sauti ya mwanaume," alisema. "Mwoga, amechoka, amepigwa."

"Mimi," mumewe alisema haraka mno.

"Wewe ameshakusikia. Wewe ni upuuzi."

Wote wawili waligeuka kulitazama benchi.

Mzee asiye na meno aliwatazama. "Mimi nimekuja kuchukua meno," alisema. "Tangu asubuhi. Naambiwa bado dakika mbili."

"Mzee wangu, ukinisaidia, atakufanyia ya juu na ya chini, na ukiyachoka anakubadilishia rangi."

"Nisemeje?"

Alielezwa mara moja. Alielewa mara moja. Alitoa simu yake ya kitochi mfukoni, akasafisha koo. Ndimu aliizima Samsung, mzee akaipiga namba ya Ndimu.

Iliruka. Ikaita. Ikapokewa.

"Ndiyo, nakusikiliza. Uko wapi?"

Sauti nzito. Imetulia. Sauti ya mtu aliyeshiba. Ndimu aliisikia yote, kitochi kina spika kali.

"Ni mimi," mzee alisema, maneno yakitoka yamelowa. "Wa kuchapa."

"Mbona unaongea hivyo?"

"Jana vibaka wamenikamata njiani. Wameniondoa meno. Nimewakimbia." Akavuta pumzi kama mtu anayelia, na Ndimu akaapa moyoni kwamba dunia ilikosa mwigizaji. "Niko stendi kuu. Choo cha wanaume. Chumba cha mwisho. Sitoki mpaka nione kitambulisho cha ofisi yenu. Mtu wenu akipitishe chini ya mlango. Nisipokiona, napiga kelele watu wajae."

"Tulia, ndugu yangu. Mtu wetu anakuja na kitambulisho. Usimpigie mwingine."

"Nimpigie nani tena? Nimekariri hii moja tu."

Simu ilikatwa. Mzee alikiweka kitochi gotini, akajipangusa midomo.

"Vipi?"

"Mzee wangu," mumewe Ndimu alisema, "umenitisha."

"Nimezika wake wawili. Kulia najua."

Dume lenyewe halina kitambulisho cha ofisi. Lingelazimika kumtuma mwenye nacho. Hapo sasa.

Ndimu aliiwasha Samsung, akachukua mkoba. Ndani: sampuli za vitambaa, kamba ya pazia mita kadhaa, na chini ya vyote Glock iliyofungwa kwenye kipande cha hariri ya bluu.

"Wewe," alimwambia mumewe. "Sina simu ya kuiamini, na simu za ofisi zote zimepita mikononi mwa huyo mshenzi. Panda bodaboda, nenda dukani kwetu. Utamkuta mama mnene, miwani inaning'inia shingoni, anapima kitambaa. Usiongee na mwingine yeyote. Mwambie hivi: pazia la chumbani limeliwa na nondo kwa ndani. Kisha mwambie: stendi, choo cha wanaume, njooni wote."

"Kwa ndani," mumewe alirudia. "Choo. Wote." Alikuwa bado ameshika taya. "Nikirudi tutaongea."

"Tutaongea."

"Nimekudhania vibaya."

"Umenidhania vizuri. Kama si wivu wako, mtu angekufa. Nenda."

Alikwenda, na taya mkononi.

*

Mama anayelinda choo cha stendi alikuwa amekaa mlangoni kwenye ndoo iliyopinduliwa, karatasi za chooni zimepangwa miguuni.

"Upande huu wa wanaume, dada."

"Najua. Nimefuata harufu."

Mama alimtazama usoni, akaamua hataki ugomvi na uso ule. "Wewe tu na pua yako."

Ndani kulikuwa na vyumba vya milango ya mbao iliyooza kwa chini, kama meno ya mtu asiyepiga mswaki. Maji yalisimama sakafuni. Si maji yote yalikuwa maji. Nzi walitembea ukutani bila haraka, wenye nyumba. Ndimu aliingia chumba cha mwisho, akafunga komeo, akasimama akiwa amebana mkoba kifuani ili usiguse chochote. Alijaribu kupumua kwa mdomo, kisha akajuta, maana sasa aliionja ile harufu.

Chambo kilishamezwa. Wakati wa kufuta. Alikuwa ameliacha agizo makusudi, dume lisije likajaribu laini likashtuka. Alibonyeza kwa kidole gumba.

Reli, reli, sifuri, sifuri, mbili, reli.

Kioo kilizunguka. Kikazunguka.

*Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI.*

Kuta nene. Mtandao ulibaki mstari mmoja, nao unakuja na kuondoka kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Alijaribu tena.

*Tatizo la muunganisho.*

"Mungu wangu," alinong'ona, "hata wewe."

Viatu viliingia chooni. Viatu vya mtu anayechagua pa kukanyaga. Vilikuja, vikasimama mbele ya chumba cha mwisho.

"Ndugu," sauti ilisema, tamu kama sharubati. "Ni mimi wa ofisini. Nimeleta kitambulisho."

Aliijua sauti hiyo. *Hii haiingiliki hata na shetani.*

Kadi ilisukumwa chini ya mlango, ikaelea kwenye maji machafu, picha juu. Pini, amevaa tai, anatabasamu. Vidole vilivyoisukuma vilikuwa vimeshika shada la funguo, na kwenye shada, iking'aa, ile pini.

Na hapo Samsung ikatetemeka.

Namba ngeni. Namba ya simu ya kuazimwa barabarani.

Mchapaji. Wa kweli.

Akiacha iite, itaruka kwenda kwa dume. Akiikata, itaruka kwenda kwa dume. Akizima, kwa dume. Njia ilikuwa moja tu.

Aliipokea, akaiweka sikioni.

"Hallo?" sauti nyembamba ilisema. "Dada wa mapazia?"

"Ndiyo," Ndimu alisema kwa sauti ya kawaida. "Usikate. Lolote utakalosikia, usikate."

Nje ya mlango, viatu vilirudi hatua moja.

Sauti ya mwanamke kwenye choo cha wanaume. Pini hakuwa mjinga. Ndimu alisikia kitufe kidogo kikibonyezwa, *tik*, na akajua ni nini. Kalamu ya shoti ya umeme. Pini alizitengeneza mwenyewe, akazigawa ofisi nzima mwaka jana, akapigiwa makofi.

Alifungua komeo na kuupiga mlango teke kwa wakati mmoja.

Mlango ulimkuta Pini puani. Alirudi nyuma, akateleza, akashika sinki. Kalamu ilikuja mbele ikitoa cheche za bluu. Ndimu alikuwa na mkono mmoja tu, wa kushoto ulishika simu na haukuwa na ruhusa ya kuiacha. Risasi hapana, dume lilikuwa nje na lingesikia. Alimtupia mkoba usoni. Vitambaa vikatawanyika, maua, mistari, hariri. Glock ilijificha kwenye kitambaa chake, ikaangukia ndani ya sinki. Pini alichoma ovyo. Kalamu ikagusa zipu ya mkoba, ikalia, ikamtoka mkononi, ikabingirika kwenye sakafu yenye mteremko, ikaingia kwenye tundu la choo.

Ikazama.

Wote wawili waliitazama kwa sekunde moja.

"Ichukue," Ndimu alisema.

Hakuichukua. Alimrukia. Ndimu alisogea pembeni nusu hatua, akamtia ngwala, na Pini akaenda chini kifudifudi, mdomo wazi, kwenye yale maji ambayo si yote yalikuwa maji.

Sauti aliyotoa, Ndimu angeikumbuka kwa furaha.

Alimpigia goti mgongoni. "Usikate," aliiambia simu.

"Sijakata," sauti nyembamba ilijibu. "Kuna nini huko?"

"Napima pazia."

Kamba ilikuwa imeanguka karibu. Aliivuta kwa meno, akajutia kuivuta kwa meno, akaifunga mikono ya Pini kwa fundo la kufungia mapazia ya ukumbini, lile ambalo kadiri unavyovuta ndivyo linavyokaza.

"Ndimu," Pini alisema akitema. "Dada yangu. Nisikilize."

"Si dada yako."

"Ilikuwa kazi ndogo tu. Kuchomoa, kubonyeza, kurudisha. Sikumgusa mtu. Sikuona mtu akiumia."

"Watoto."

"Sina mtoto mimi, ningejuaje?"

Hapo ndipo kinyaa kilipofika mwisho wake. Ndimu alikuwa ameshakamata watu wa kila aina. Walioua kwa hasira, walioiba kwa njaa, hata mmoja aliyesaliti kwa sababu ya mapenzi. Wote walikuwa na kitu ndani. Huyu ukimfungua utakuta nta.

"Ghala halina mlinzi mchana," Pini aliendelea, hajaulizwa. "Liko nyuma ya kiwanda cha magodoro, geti la kijani. Yeye yuko nje kwenye gari, Noah nyeupe, ana bastola, kaiweka kwenye mlango wa kulia. Unaona? Nashirikiana."

Hakupigwa hata kofi. Alimuuza mwenzake kama alivyowauza wao, kwa sauti ileile tamu, maji machafu yakimtiririka kidevuni.

Nje breki zililia. Mlango wa gari. Mlango mwingine. Kisha sauti ya yule mama mnene wa dukani, Mkuu wao, ambayo Ndimu aliipenda kuliko wimbo: "Mikono juu ya usukani, baba. Ukikohoa tu, nakukata kwa vipimo."

Mkuu aliingia chooni na redio ya Motorola mkononi, miwani shingoni, futi ya kupimia nguo bado imemning'inia begani. Alimtazama Pini. Alitazama sakafu. Alitazama kadi inayoelea.

"Nondo ndiye huyu?"

"Ndiye. Noah?"

"Limeshikwa, liliegeshwa mlangoni injini ikinguruma. Limenenepa kweli hilo dume. Ghala?"

"Nyuma ya kiwanda cha magodoro. Geti la kijani."

Mkuu alibonyeza redio. "Timu ya pili. Kiwanda cha magodoro, nyuma. Geti la kijani."

"Tuko barabara hiyohiyo, Mkuu."

"Ingieni."

Redio ilinyamaza. Ndimu aliokota Glock, akaitikisa maji, akatazama sampuli za hariri zilivyolala kwenye uchafu, akaziacha. Zile za maua hata hivyo hakuzipenda.

Redio ilikoroma. "Tumeingia. Makopo mpaka darini. Mkuu, kijana mmoja anatapika."

"Atapikie pembeni, asichafue ushahidi."

Pini aliinuliwa na vijana wawili. "Mkuu," alisema, "naomba nijieleze."

"Utajieleza. Mpaka koo likauke." Kisha Mkuu alitoa leso, akachomoa ile pini kwenye shada la funguo kwa ncha za vidole, akaifunga. Uso wake ulikuwa umefanana na wa Ndimu. "Na hii nayo ikapimwe, jamani. Mikono yenu isiiguse."

*

Nje jua lilikuwa kali na hewa ilikuwa ya moshi wa mabasi. Ndimu aliivuta kama marashi.

Mumewe alikuwa amesimama kando ya bodaboda, taya bado mkononi. Kando yake, mzee wa benchi. Amekuja, alisema, kwa sababu meno yake yalikuwa yameondoka na fundi, na yeye hawezi kuyaacha yaende mjini peke yao.

Mtandao ulijaa. Mistari yote.

"Umekula?" mumewe aliuliza, kwa sababu hakujua aseme nini.

"Usiniulize chakula leo."

Alitembea polepole, simu sikioni, akizipita nyanya zilizopangwa chini, akiwapita wapiga debe, bila kugeuka kutazama Noah ikivutwa. Mumewe na mzee walimfuata nyuma kama askari wasiojua vita ni vya nini.

"Bado upo?" alisema.

"Nipo, dada." Sauti nyembamba ilijibu harakaharaka. "Sijakata."

"Vizuri. Wamekamatwa wote. Ghala limefungwa. Hakuna anayekutafuta tena isipokuwa mimi. Tunakuchukua, unapata mahali pa kulala, unapata mlinzi. Unachotaka utapewa. Sasa niambie uko wapi."

Nyuma ya Mchapaji, mbali na simu, kitu kililia. Kilio kidogo, kikavu, cha koo lililochoka.

Ndimu alisimama. Mumewe nusura amgonge mgongoni. Hakuna mtu, si Mkuu, si mtu yeyote ofisini, aliyewahi kusema Mchapaji ana mtoto.

"Dada," Mchapaji alisema. "Mlinzi baadaye. Niko mbele ya duka hapa, nimeshaingia maduka yote ya mtaa huu. Kila kopo nikiligeuza naikuta ile nane yangu iliyopasuka. Naomba unitafutie maziwa. Kopo moja tu, ambalo sijalichapa mimi."